Wale ni Sisi: Sayansi, Imani na Falsafa katika Jina la Riwaya ya Katama Mkangi

Utangulizi

Je, Walenisi (1995) ya Katama Mkangi ni bunilizi ya kisayansi, ni fumbo la kisiasa, au ni kisa cha kifalsafa? Swali hili huwashughulisha wanafunzi wengi wa riwaya ya Kiswahili. Makala haya yanadai kwamba swali lenyewe linatenganisha mambo ambayo riwaya hiyo imeyaunganisha kwa makusudi, na kwamba ushahidi wa muungano huo umo katika sarufi ya jina lake. Kiswahili chenyewe hakijengi ukuta baina ya nyanja hizo: neno hadithi hutaja masimulizi ya kubuni, na pia mapokeo ya maneno na matendo ya Mtume.

Chombo na hukumu

Mhusika mkuu, Dzombo, anahukumiwa kifo. Adhabu yake ni kutiwa ndani ya chombo cha angani kinachorushwa bila matumaini ya kurejea. Anajifunza kukiongoza, anaokoka, na kufika Walenisi, nchi ya watu wanaoishi kwa usawa. Sayansi hapa imebeba uzito wa msuko, kwa kuwa ujuzi wa kuendesha chombo ndio unaotengua hukumu. Hata hivyo, mfuatano wa hukumu, kifo, safari ya juu na nchi ya haki ni ule ambao msomaji aliyelelewa katika Uislamu au Ukristo ameusikia tangu utotoni. Mkangi ameuhifadhi mfuatano huo na kubadili mambo mawili: mahakimu ndio wadhalimu, na mlango wa nchi ya haki unafunguliwa kwa maarifa.

Jina kama sentensi

Walenisi ni sentensi kamili iliyogeuzwa kuwa nomino: wale ni sisi. Katika sentensi "Wale ni walimu", kiarifu kinawaingiza wale katika kundi pana. Katika "wale ni sisi" hakuna kundi pana. Kitenzi kishirikishi ni kinazilinganisha pande mbili, hata sentensi inaweza kugeuzwa, sisi ni wale, na ukweli wake ukabaki. Mwandishi hakusema "wale ni kama sisi". Kiashiria cha mbali, ambacho ndicho humweka mgeni mbali nasi, kinafanywa kuwa sawa na nafsi ya kwanza. Hili ni dai la kifalsafa kuhusu utu, nalo limetolewa bila istilahi hata moja ya falsafa.

Kuna jambo jingine. Zipo lugha zinazotofautisha "sisi pamoja nawe" na "sisi bila wewe". Kiswahili hakitofautishi. Kwa hiyo msomaji wa Walenisi hajui kama amehesabiwa miongoni mwa sisi hao. Sarufi imemwachia aamue mwenyewe.

Hitimisho

Tukiiainisha riwaya hii kwa chombo chake cha angani pekee, tutaipoteza hukumu. Tukiiainisha kwa siasa yake pekee, tutaupoteza mfuatano wa kiimani unaoipa hukumu hiyo nguvu. Inapendekezwa kwamba mjadala wa tanzu uanzie katika lugha ya matini, kabla ya kuyaendea majina ya tanzu yaliyoundwa kwa ajili ya fasihi za kwingineko.