Mzee na Shinikizo la Mazoezi
Katika mwongozo wake wa mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wautumikishe mwili kwa nguvu za wastani, dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Ushauri huu ukifika vinywani mwa wana na wajukuu hugeuka amri. Mzee akiketi barazani huitwa mvivu. Ajabu ni kwamba 'zoezi' limetokana na kitenzi 'zoea'. Nyanya aliyezoea jembe na mzigo wa kuni tangu usichana, na ambaye sasa magoti yamemvimba kwa baridi yabisi, ati azunguke uwanja! Mwongozo uo huo wasema kila mtu atende kwa kadiri ya uwezo wake, na kupalilia mchicha nyuma ya nyumba nako kwahesabiwa. Kifungu hicho ndicho tunachokiruka.