Chakula cha Mgonjwa wa Saratani

Je, nyumbani kwako Kibamba yuko mgonjwa anayetibiwa saratani Ocean Road? Wagonjwa wa saratani hawali chakula cha namna moja.

Mwenye saratani ya koo hushindwa kumeza ugali. Mpikie uji laini wenye maziwa. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku.

Mwenye saratani ya shingo ya kizazi huweza kuharisha akitibiwa kwa mionzi. Mpe maji mengi. Punguza mafuta na pilipili.

Wengine husema mgonjwa aache nyama, mayai na maziwa. Usimnyime kabla ya kumwuliza daktari. Akikonda sana, matibabu humshinda. Chakula peke yake hakiponyi saratani. Lakini humpa mgonjwa nguvu za kumaliza matibabu.