Picha Isiyo na Uso

Uchoraji dhahania ni ule ambao mchoraji haigi umbo la kitu kinachoonekana, kama vile mtu, ng'ombe au nyumba, bali hupanga rangi, mistari na nafasi mpaka vyenyewe viwe ndiyo habari. Wengi huuhesabu kuwa sanaa ya watu wenye nafasi, isiyohusiana na maisha ya wachuma chai wa Kericho na Bomet, na kwa kweli nyingi za picha hizo huishia kupamba kuta za hoteli na benki. Hata hivyo, zipo hali ambazo picha isiyo na uso husema jambo ambalo uso ungelizuia lisisemwe.

Chepilat ni mahali pa kulipimia jambo hilo. Mji huo mdogo umekaa mpakani mwa kaunti za Bomet na Nyamira, kwenye barabara itokayo Sotik kuelekea Kisii, na Wakipsigis na Wakisii hukutana hapo kwa biashara, ingawa mapigano ya mwaka 1992 na yale yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliwatenganisha majirani katika ukanda huo wa mpaka. Siku za namna hiyo jina na lafudhi hutosha kumweka mtu upande fulani, na hata mchoro wa kawaida wa mama mwenye kikapu cha majani ya chai mgongoni hauwezi kukwepa swali la kwamba mama huyo ni wa kwa nani. Mistari na rangi haviulizwi kabila.

Jamii hizo mbili, moja ikisema lugha ya Kiniloti na nyingine ya Kibantu, zilifanana sana katika mambo yaliyomhusu mwanamke: wasichana walikeketwa pande zote mbili za mpaka, na ardhi ilirithiwa na wana wa kiume. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliagiza kuondolewa kwa ubaguzi wa kijinsia katika umiliki wa ardhi, na sheria ya mwaka 2011 ikapiga marufuku ukeketaji. Kisha, Februari 2023, uchunguzi wa BBC ulitangaza maelezo ya wanawake zaidi ya 70 waliosema kwamba wasimamizi wao katika mashamba ya chai ya Kenya waliwanyanyasa kingono. Ukiacha suala la ardhi, kilichogombewa katika habari hizo ni mwili wa mwanamke, na kwa sababu hiyo mchoraji anayekataa kuuchora mwili huo huwa amemnyima mtazamaji kile alichozoea kuandaliwa akitazame.

Ufundi wa kupanga maumbo yasiyoiga kitu si mgeni katika eneo hilo. Kibuyu cha mursik, yaani maziwa ya kugandisha ya Wakipsigis, ambacho kina mama hukisugua kwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, hupambwa kwa shanga zilizofuatana kwa mpangilio wa rangi. Na huko Tabaka, upande wa Kisii, wanaume huchonga mawe laini ilhali kazi ya kuyasugua kwa msasa na maji kwa kawaida huwa ya wanawake, kabla ya jiwe kupakwa rangi na kukwanguliwa nakshi. Jina la aliyesugua halionekani dukani.

Mfano ulio wazi zaidi wa uchoraji dhahania uliozaliwa na utengano, hata hivyo, unahusu pwani. Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, baba yake akafariki kwa malaria, na mama yake, mbunifu wa vitambaa, akamchukua Uingereza akiwa na umri wa miezi minne tu. Hakukanyaga tena kisiwani hadi mwaka 1997. Miaka miwili baadaye alichora mfululizo alioupa jina la Zanzibar, wenye picha za akriliki, yaani rangi inayochanganywa na maji na kukauka upesi, zilizopangwa mbilimbili. Hamna mtu ndani yake: kuna safu za mistari inayokumbusha mbao za madirisha ya Mji Mkongwe, na alama zinazodondoka ambazo mtazamaji anaweza kuzichukulia kuwa mvua au kilio, kwa kuwa jina la mojawapo ya picha hizo linataja machozi ya wanawake yanayojaza bahari. Kati ya kila picha na mwenzake pana ufa wa ukuta mtupu, na ufa huo ndio unaoeleza utengano kuliko rangi zote, maana pacha hao wanafanana bila kugusana.

Himid hakuufikia udhahania kwa kujitenga na harakati. Katika miaka ya 1980 aliandaa jijini London maonyesho ya wasanii wanawake weusi ambao majumba makubwa ya sanaa yaliwapuuza, likiwemo lile la mwaka 1985 lililoitwa The Thin Black Line, na mwaka 2017 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupata Tuzo ya Turner, tuzo mashuhuri ya sanaa ya Uingereza.

Chelenge Van Rampelberg, aliyezaliwa Kericho mwaka 1961 na kujifunza sanaa bila kupitia chuo, alishika njia nyingine, kwani watu wake huchongwa katika magogo ya miti wakiwa na viungo vyao. Tofauti hiyo haimpi mmoja wao ushindi. Picha ya mistari humstahi aliyeumizwa, lakini haiwezi kumtaja aliyemuumiza, na wanawake wa mashamba ya chai walihitaji pia masikio ya kusikiliza ushahidi wao. Himid mwenyewe alirudi kwenye sura za watu: katika kazi yake ya mwaka 2004, Naming the Money, alisimamisha watu 100 wa mbao wenye kimo cha binadamu, watumwa na watumishi wa majumba ya Ulaya, kila mmoja akiwa na jina alilozaliwa nalo na lile alilopachikwa na bwana wake.