Dramu kuukuu: Hesabu boliti kabla ya faida

WAFANYABIASHARA wa Kashai, Bukoba, wanaofikiria kuweka mtaji katika kununua dramu kuukuu, kuzitengeneza na kuziuza, wanashauriwa kukagua vyuma kabla ya mbao. Mbao iliyochakaa huonekana kwa macho. Hasara hujificha kwenye boliti, pete na vishikio.

Mali hii haipatikani madukani. Tangu NUTA Jazz ilipoundwa mwaka 1964, bendi nyingi za dansi nchini zilikuwa chini ya taasisi, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mwanamuziki alipohama, aliviacha. Kwa hiyo seti za zamani hutafutwa kwenye stoo za taasisi, shule na makanisa. Mnunuzi adai stakabadhi yenye mhuri. Mtunza stoo si mwenye mali.

Vyuma vya kukaguliwa

Seti ya dramu nne kwa kawaida hubeba boliti zaidi ya 60 za kukaza ngozi, nazo hazilingani. Dramu za Kimarekani, kama Ludwig, hutumia boliti yenye unene wa milimita 5.5 hivi, yenye uzi wa inchi. Sonor ya Ujerumani hutumia milimita 6. Nati ya milimita 6 hupatikana kwa muuza vipuri vya pikipiki; ya Kimarekani haipatikani hapo. Anayelazimisha moja ndani ya nyingine huua uzi, na boliti ya sh. elfu chache humgharimu kishikio kizima.

Jambo la pili ni kipimo cha ngozi. Premier, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1922, ilitengeneza dramu nyingi ambazo hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 zilizidi kidogo vipimo vya Kimarekani vinavyotumika leo. Ngozi ya dukani ya inchi 12 au 16 huweza kugoma kuingia. Nenda na ngozi au pete ya kujaribia kabla ya kutoa fedha.

Tatu ni vishikio vinavyobeba dramu ndogo juu ya ile kubwa. Vingi vilimiminwa kwa mchanganyiko wa zinki, kisha vikapakwa kromu. Zinki hiyo huyeyuka kabla ya nyuzi joto 400, hivyo mashine ya kuchomelea geti itakiteketeza. Kilichopasuka hukerezwa upya kwa shaba au chuma, au hununuliwa kingine.

Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu wa ziwa hauna huruma kwa kromu. Kutu nyepesi hutolewa kwa mafuta na kitambaa. Stilwaya nzito hukwangua kromu yenyewe. Boliti iliyokwama ilowekwe kwenye mafuta mepesi usiku kucha. Kila boliti irudi katika tundu lake.

Hesabu ya mfano

Tuchukue mfano, ambao si bei ya soko. Seti imenunuliwa kwa sh. 600,000. Inakosa boliti 12 za sh. 4,000 kila moja (sh. 48,000), kishikio kimoja (sh. 60,000) na ngozi nne (sh. 200,000). Fundi anadai sh. 100,000 na usafiri ni sh. 40,000. Matengenezo yamefika sh. 448,000, na jumla ni sh. 1,048,000. Kwaya ikitoa sh. 1,000,000, mfanyabiashara amepoteza sh. 48,000 na jasho lake.

Hesabu ianzie mwisho. Chukua bei utakayouzia, toa matengenezo, toa faida. Kwa mfano huo, anayetaka faida ya sh. 150,000 asinunue zaidi ya sh. 402,000.

Mteja ni nani?

Wateja ni wa aina mbili. Kwaya na bendi za kumbi hutaka seti inayosimama imara na kupigwa Jumapili ijayo. Kwao kishikio kipya ni sawa. Wakusanyaji wa vyombo vya kale walioko Ulaya na Marekani hutaka kila kitu kilichotoka kiwandani, hata kama kimechakaa. Kwao tundu moja jipya kwenye mbao hushusha bei, na rangi mpya huishusha zaidi.

Seti moja haiwezi kuwaridhisha wote wawili. Uamuzi ufanywe kabla fundi hajashika keekee, kwa sababu tundu likishatobolewa halirudi. Mwenye mtaji mdogo aanze na kwaya: mteja yuko karibu, na mzigo hauhitaji kuvuka Mutukula wala kupanda meli ya Mwanza. Akikutana na Ludwig au Premier iliyokamilika, asitoboe wala kupaka rangi. Aifute vumbi, aiweke pakavu na atafute bei kwanza.