Maji ya Robine: Wamama, Tuombe Hesabu Isomwe



Kila mama wa likelemba anajua sheria hii: feza haitoki mbele ya daftari kusomwa. Sanduku la AVEC lina kufuli 3, na funguo ziko kwa wamama 3, ili mtu asilifungue peke yake. Hatuwaite wenzetu wezi. Daftari likisomwa mbele ya wote, hata mwenye kutunza feza analindwa. Leo tutazame daftari lingine linalotuhusu: la maji.

Madaftari mawili ya Uvira

Pale Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, watafiti walichukua madaftari mawili ya miaka 2009 hadi 2014. Moja lilionyesha maji ambayo kiwanda cha Regideso kilisukuma kila siku. La pili lilikuwa la kituo cha kutunza wagonjwa wa kolera. Waliyalinganisha, na mwaka 2015 wakatoa matokeo. Kwa wastani, mji ulipokosa maji ya robine siku nzima, wagonjwa walioingia kituoni katika siku 12 zilizofuata waliongezeka zaidi ya mara mbili. Walikadiria kwamba karibu robo ya wagonjwa wote waliopokelewa ilitokana na kukatika kwa maji.

Sababu yake tunaijua. Robine ikikauka, bidoni inaenda ziwani ao mtoni. Kwa hiyo hesabu ya maji ni mambo ya uzima wa watoto wetu.

Namba tatu za kuuliza

Metre kibe moja ni lita 1000, ni kusema bidoni 50 za lita 20. Tutoe mfano wa kufundishia. Kiwanda kinasukuma bidoni 100. Zilizoandikwa kwenye faktire ni 60. Zilizolipwa ni 40.

Bidoni 40 za kwanza zimepotelea wapi? Katika mabomba yaliyopasuka, kwa watu waliojiunganisha kwa siri, ao kwa sababu ya kompteri zilizokufa. Na zile 20 zisizolipwa ni za nani? Mara nyingi tunafikiri ni za maskini. Lakini madeni ya ofisi za Serikali kwa Regideso ni tatizo la miaka mingi.

Basi umeme, dawa ya kusafisha maji na mishahara vinatoka katika zile bidoni 40 tu. Wakituambia bei ipande, tuulize kwanza habari ya zile 60.

Ni nani mwenye kukagua?

Regideso, iliyoanzishwa mwaka 1939, ni kampuni ya Serikali. Serikali ina wakaguzi wake: IGF na Korti ya Hesabu. Kazi iko mara mbili. Kukagua feza: zimeingia ngapi, zimetoka kwa nini, ni nani alitia sahihi. Kukagua kazi: maji yanatoka saa ngapi kwa siku, klorini inapimwa, bomba likipasuka linatengenezwa kisha siku ngapi. Hesabu inaweza kuwa safi kwenye karatasi huku robine ni kavu. Ndiyo maana zote mbili zinahitajika.

Haki yetu imeandikwa. Kipengele cha 48 cha Katiba ya 2006 kinatambua haki ya kupata maji ya kunywa, na inchi ina sheria ya maji tangu tarehe 31 Desemba 2015.

Kikundi chetu kifanye nini?

- Kila avenu ichague mama moja wa kuandika, mwezi mzima, siku na saa maji yalipotoka.
- Tutunze faktire zote, na tulinganishe namba iliyoandikwa na ile ya kompteri.
- Penye robine ya watu wote, komite isome feza zilizoingia na zilizotoka mbele ya watumiaji.
- Mwisho wa mwezi, tupeleke nakala kwa shefu wa kartie na kwa ofisi ya maji. Tuandike tulichoona tu, bila matusi. Tubaki na nakala yenye sahihi ya aliyeipokea.

Wakati huu wote, maji ya ziwa ao ya mto tuyachemshe ao tuyatie klorini mbele ya kuyanywa.

Wamama wa avenu mbili wakianza mwezi huu, kwenye mkutano ujao tutakuwa na kitu cha kulinganisha. Leteni madaftari.