Jeli ya Matabaka Siku ya Idi: Kwa Nini Moja Husimama na Nyingine Huyeyuka

Katika nyumba nyingi za Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, chakula cha Idi hufuatwa na kitu kitamu kilicho baridi. Mara nyingi kitu hicho huwa ni faluda, yaani maziwa yaliyopikwa kwa sukari na hiliki kisha yakagandishwa. Pale ambapo mpishi ametaka kuwafurahisha watoto zaidi, huwa ni jeli ya matabaka: jekundu chini, jeupe katikati, la kijani juu, ndani ya bakuli la kioo ili rangi zote zionekane. Kazi hiyo hufanywa usiku wa kuamkia sikukuu, na asubuhi bakuli huwa la kupendeza.

Lakini ifikapo saa nane mchana, wageni wakiwa wamejaa ukumbini, baadhi ya mabakuli huwa yamekwisha kuharibika. Rangi zimeingiliana, tabaka la juu linaelea juu ya maji, na kijiko kinateka uji mwekundu badala ya jeli. Hapo hulaumiwa mpishi, au sukari, au jokofu. Kwa kweli, mara nyingi kosa halimo katika mikono ya mpishi. Limo katika aina ya kigandishi alichotumia.

Jeli ni kitu cha ajabu kidogo. Sehemu kubwa kabisa ya uzito wake ni maji, na hata hivyo haimwagiki. Sababu ni kwamba ndani ya maji hayo umetandazwa wavu mwembazuo usioonekana kwa macho, uliofumwa kwa molekuli ndefu mfano wa nyuzi. Maji hunaswa katika matundu ya wavu huo. Kigandishi kikiwa katika maji ya moto, nyuzi zake huelea ovyo, kila mmoja peke yake. Maji yakipoa, nyuzi husokotana, hushikana mahali pengi, na wavu hukamilika. Kwa hiyo swali la kuulizwa kuhusu jeli yoyote ni hili: mafundo ya wavu wake huhimili joto la kiasi gani kabla ya kufunguka?

Vigandishi viwili hutumika zaidi majumbani. Cha kwanza ni jelatini, ambayo ndiyo imo katika paketi nyingi za jeli zenye rangi na ladha ya matunda. Jelatini ni protini inayopatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama. Ndiyo maana familia za Kiislamu huuliza kwanza imetoka kwa mnyama gani. Mafundo ya jelatini ni dhaifu. Huanza kulegea kiasi cha nyuzi 30 za Sentigredi, na hayawezi kuhimili joto la mwili wa binadamu, ambalo ni nyuzi 37. Udhaifu huo ndio unaoifanya jeli hiyo iyeyuke vizuri mdomoni. Lakini Dar es Salaam, kati ya Desemba na Machi, joto la mchana hupita nyuzi 30 bila taabu. Bakuli lililotolewa katika jokofu na kuwekwa mezani huanza kuyeyuka kabla ya mgeni wa mwisho kunawa mikono. Umeme ukikatika usiku, halihitaji hata kufika mezani.

Kigandishi cha pili ni agari, ambayo hutokana na mwani mwekundu wa baharini na huuzwa ikiwa unga au nyuzi kavu nyeupe. Hii si protini. Ni jamii ya sukari yenye molekuli ndefu sana. Tabia yake inastahili kuchunguzwa na kila mwanafunzi wa kemia. Myeyusho wa agari huganda ukifika baina ya nyuzi 32 na 40, yaani huganda hata juu ya meza bila ya jokofu. Ukisha kuganda, hauyeyuki tena katika joto hilohilo. Hauna budi kupashwa moto hadi karibu nyuzi 85. Barafu huganda na kuyeyuka katika joto lilelile la sufuri, lakini agari ina njia moja ya kwendea na nyingine ya kurudia. Nyuzi zake zikisokotana hujikusanya pia katika mafungu manene, na kuyafungua mafungu kunataka joto kubwa kuliko lile lililotosha kuyaunda.

Pengo hilo kati ya nyuzi 40 na 85 ndilo lililowahi kubadili historia ya tiba. Mnamo mwaka 1881 daktari Mjerumani, Walther Hesse, alikuwa akifanya kazi katika maabara ya Robert Koch mjini Berlin, akitafuta namna ya kuotesha vijidudu vilivyomo hewani. Wakati ule vijidudu vilioteshwa juu ya jelatini, na taabu zake zilikuwa zilezile za bakuli la Idi: siku za joto jelatini iliyeyuka, na baadhi ya bakteria waliila na kuigeuza maji. Mkewe, Fanny Angelina Hesse, aliyekuwa akimsaidia na kumchorea picha za utafiti, alikuwa akipika vyakula vitamu kwa agari, ujuzi aliojifunza kwa jirani Mholanzi aliyewahi kuishi Java. Alipoulizwa kwa nini jeli zake hazikuyeyuka katika joto, alitaja agari, na ikajaribiwa. Ilifaa mno, kwa kuwa ilibaki imara katika nyuzi 37, joto ambalo vijidudu vingi vya maradhi hupenda, na bakteria wengi hawawezi kuila. Mwaka 1882 Koch alipotangaza ugunduzi wa kijidudu cha kifua kikuu, aliitaja agari katika maandishi yake, bila ya kumtaja mwanamke huyo. Hadi leo maabara za hospitali huotesha vijidudu juu ya agari, katika visahani vilivyopewa jina la Petri.

Turejee jikoni. Kwa jeli ya agari, gramu 8 hadi 10 za unga hutosha kwa lita moja ya kioevu. Unga uchanganywe kwanza na maji baridi ili usifanye madonge, kisha uchemshwe huku ukikorogwa kwa dakika tatu au nne, mpaka usionekane tena. Sukari hufuata. Maji ya ndimu yasichemshwe pamoja na agari, kwani asidi na joto kwa pamoja hukata molekuli zake vipande vipande na jeli huwa legevu. Yatiwe mwishoni, sufuria ikiwa imeepuliwa.

Ugumu uko katika kupanga matabaka. Anayetumia jelatini hulazimika kusubiri tabaka la pili lipoe sana kabla ya kulimimina, la sivyo litayeyusha lile la chini. Anayetumia agari hana hofu hiyo: anaweza kumimina kioevu cha nyuzi 60 juu ya tabaka lililoganda, nalo halitayeyuka. Lakini ana hatari ya namna nyingine. Tabaka la chini likiachwa likapoa kabisa na kukauka juu, wavu wake huwa umekwisha kufungwa, na nyuzi za tabaka jipya hazipati mahali pa kushika. Jeli ikikatwa, matabaka huteleza na kuachana kama kurasa za daftari. Wakati mwafaka ni pale uso wa tabaka la chini umeshika lakini bado unanata kidogo kwenye kidole. Hapo lile la juu limiminwe likiwa moto, polepole, juu ya mgongo wa kijiko ili lisitoboe. Huo ndio wakati ambao wapishi wengi huukosa kwa kufikiri kwamba kusubiri zaidi ni usalama zaidi.

Tabaka jeupe la tui la nazi lina mchezo wake. Likimiminwa lingali moto sana, mafuta ya nazi, kwa kuwa ni mepesi kuliko maji, hupanda juu kabla ya wavu kufungwa, na mpishi hujikuta na matabaka mawili pale alipotaka moja. Tui likorogwe hadi lipoe na kuanza kuwa zito kidogo, ndipo limiminwe.

Matunda nayo yana habari. Nanasi bichi likitiwa katika jeli ya jelatini, jeli haigandi hata ikikaa katika jokofu usiku kucha. Nanasi lina vimeng'enya vinavyokata protini, na jelatini ni protini. Papai lina vya jamii hiyo, na mpishi wa pwani anavijua vizuri bila ya kuvijua kwa jina: ndivyo anavyovitegemea anapopaka papai bichi kwenye nyama ya mishkaki ili ilainike. Nanasi la mkebe haliharibu jeli, kwa sababu vimeng'enya vyake vimekufa kwa moto. Agari haiathiriki kwa lolote kati ya hayo.

Mwalimu anaweza kuyaonyesha yote hayo kwa bilauri nne. Katika tatu atie jeli ya jelatini: moja peke yake, ya pili na vipande vya nanasi bichi, ya tatu na nanasi lililochemshwa dakika tano. Ya nne iwe ya agari na nanasi bichi. Baada ya usiku mmoja katika jokofu, ya pili peke yake itakuwa maji. Kisha zile tatu zilizoganda zitolewe na kuwekwa juani, na wanafunzi waandike joto la kila moja katika kila dakika kumi. Kama vyombo ni vya maabara, jeli hiyo isiliwe.

Wapo watakaouliza kama mwani unaolimwa Unguja na Pemba hauwezi kufanya kazi hii. Kilimo hicho, ambacho Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikitafiti na kukihimiza kwa miaka mingi, kilianza kwa biashara Unguja mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Mwani wao hautoi agari bali karaginani, kigandishi cha jamii iliyo karibu nayo, ambacho hupatana vizuri na protini za maziwa na hutumika viwandani katika vyakula vingi vya maziwa. Sehemu kubwa ya mwani huo husafirishwa ng'ambo ukiwa umekaushwa tu, ili ukasafishwe huko.

Jambo moja la mwisho linahusu faluda na matabaka yote ya maziwa. Kwa sababu agari haiyeyuki, bakuli la faluda lililokaa mezani tangu asubuhi huonekana zima hata jioni, na hapo ndipo hatari ilipo. Bakteria wengi hawali agari, lakini maziwa na sukari vilivyomo ndani yake wanavila, na joto la ukumbi linawafaa. Baadhi yao, kama stafilokokasi wanaoishi puani na katika majeraha ya vidole, huacha sumu isiyoharibika hata chakula kikichemshwa tena. Bakuli lililokaa nje ya jokofu kwa zaidi ya saa mbili katika joto la pwani ni kisahani cha Petri chenye hiliki, nacho kimwagwe, hata kama hakijaguswa na kijiko.