Haki Iandikwe Mapema



Kutoka Matiliku, katika Kaunti ya Makueni, na vijiji vingine vya Ukambani, mabinti na vijana huteremka Mombasa kutafuta riziki. Wengine wametupikia, wametulelea watoto na kutulindia milango miaka mingi. Wiki hii twawakumbuka kwa kisa kilichowahusu wazee wa zama za Mau Mau, Wakamba wakiwemo.

Mwaka 2009 wazee wachache wa Kenya waliishtaki serikali ya Uingereza huko London kwa mateso waliyotendewa vizuizini. Miongoni mwao walikuwemo Mzee Paulo Muoka Nzili, jina linalotambulika upesi Ukambani, na Bi Jane Muthoni Mara. Mwaka 2011 ikabainika kuwa Uingereza ilikuwa imeficha mafaili iliyoyahamisha kutoka Kenya. Karatasi hizo zikayapa nguvu maneno ya wazee. Tarehe 6 Juni 2013 serikali hiyo ilieleza majuto yake, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya watu 5,228.

Wengine zaidi ya 40,000 walifuata na kesi yao. Mwaka 2018 walishindwa, kwani mahakama iliona muda uliopita ni mrefu mno.

Malipo ya uzeeni ya mfanyakazi nayo hupotea hivyo hivyo, kimya kimya, mwezi baada ya mwezi, hadi siku nguvu zimwishiapo. Sheria ya NSSF ya mwaka 2013 yamtaka mwajiri akate asilimia 6 ya mshahara, naye aongeze asilimia 6 kutoka mfukoni mwake, kisha aziwasilishe zote. Mwenye mfanyakazi mmoja tu naye yumo.

Sisi tunaosikitikia dhuluma ya wakoloni, je, jikoni mwetu pakoje? Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, yahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Akiba ya mtumishi ni deni shingoni mwetu.

Basi akina mama na akina baba, leo jioni tumuulize mtumishi wetu nambari yake ya NSSF. Akiwa nayo, tutazame pamoja kama michango imefika. Akiwa hana, tumwandikishe wiki hii, na risiti zake tumkabidhi azihifadhi mwenyewe. Mwenyezi Mungu atujaalie kutimiza haki za watu tungali hai.